Wapiga besi, kidole gumba cha mkono wa kupigia mnakiweka wapi?

#1 NyuziTano

Salaam wanajukwaa.

Nimepiga gitaa la besi la nyuzi nne kwa miaka tisa, mara nyingi katika bendi za harusi na za hoteli upande wa Bamburi hapa Mombasa, na muda wote huo kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kimekaa mahali pamoja tu, juu ya ukingo wa pikapu (kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake). Sikufundishwa na mtu. Nilimtazama aliyenitangulia, nikafuata. Huu ni mwezi wa tatu tangu nihamie gitaa la nyuzi tano, na mambo mawili yamenifika. La kwanza ni kwamba uzi mnene wa B (nyuzi tano, kutoka mnene hadi mwembamba, ni B, E, A, D na G) unalia wenyewe hata nisipougusa, hasa ninapopiga nyuzi za D na G, na fundi wetu wa mitambo analalamika kwamba kuna ngurumo chini ya wimbo ambayo hawezi kuipunguza bila kuipunguza besi nzima. La pili ni maumivu ya kifundo cha mkono, upande wa ndani, yanayoanza kwenye wimbo wa sita au wa saba.

Mwenzangu mmoja anasema kidole gumba hakitakiwi kukaa mahali pamoja, bali kihame pamoja na vidole vingine. Mwingine anasema nikikihamisha nitapoteza nguvu na mapigo yangu yatayumba. Nyinyi mnakiweka wapi, na kwa sababu gani?

#2 KwayaMagongo

Kiache kwenye pikapu, ndugu. Mimi napiga besi kanisani kila Jumapili, ibada mbili mfululizo, na ninalolijua ni kwamba mkono usiotia nanga hauujui uzi ulipo mpaka macho yashuke kuutafuta, na mpiga besi anayetazama vidole vyake hamtazami mpiga ngoma. Kidole gumba kikishika pikapu, vidole viwili hujifunza vyenyewe umbali wa kila uzi. Hata Fender, watengenezaji magitaa wa Marekani, walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951 walifunga kipande cha kuegemezea kidole gumba juu ya mwili wa gitaa, kwa hiyo jambo hili halikuanzia mitaani kwetu. Ndiyo nia ya aliyelibuni gitaa lenyewe.

#3 FundiPwani

Ndugu KwayaMagongo, hapo pa Fender pana haja ya kurekebishwa. Ni kweli kwamba Precision ilitoka mwaka 1951 na kwamba ilikuwa na kipande cha kuegemea, lakini kipande hicho kilifungwa upande wa chini, baada ya uzi wa G. Kilikuwa cha vidole: mpigaji alijishikiza pale kwa vidole vyake, akapiga nyuzi kwa kidole gumba. Miaka ya 1970 ndipo kiwanda kilipokihamishia upande wa uzi wa E, wakati wapigaji wengi walikuwa wamekwisha kuamua wenyewe kutumia kidole cha shahada na cha kati. Ukitafuta nia ya mbunifu, basi, kidole gumba kilikusudiwa kupiga.

Nyongeza kwa NyuziTano: ukisema «pikapu» hujatueleza mahali. Pikapu ya Precision tangu mwaka 1957 imegawanywa vipande viwili visivyo katika mstari mmoja, cha nyuzi za E na A kikiwa upande wa shingo na cha D na G kikiwa upande wa daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa. Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ina pikapu mbili zilizonyooka, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja. Anayeegemea ile ya daraja hupata sauti ya kubana na yenye makali, kwa kuwa uzi ukipigwa karibu na mwisho wake hutoa sauti nyembamba nyingi za juu. Anayeegemea ile ya shingo hupata sauti ya mviringo, nzito. Wewe unaegemea ipi?

#4 BintiTudor

Kaka NyuziTano, nilipita njia hiyo hiyo nilipoacha nyuzi nne, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Kidole gumba changu hakiegemei kitu; kinalala. Ninapopiga uzi wa B kinagusa ukingo wa pikapu, kama chako. Nikihamia E kinashuka na kulala juu ya B. Nikihamia A, ncha yake iko juu ya E na ubavu wake umeshagusa B. Nikihamia D kinashuka hatua hiyo hiyo moja, na nikifika G ncha iko juu ya A huku pande lote la kidole, kuanzia kwenye ukucha hadi kwenye kiungo chake cha kati, limelala juu ya E na B kwa pamoja. Uzi wa D nao hauachwi wazi, kwa sababu kidole kilichopiga G hakirukii hewani: kinamalizia mwendo wake kwa kutua juu ya D. Kwa namna hiyo nyuzi nne zisizotumika zimenyamazishwa na mkono mmoja, na uliobaki huru ni ule tu unaotakiwa kusikika.

Faida ya pili inahusu kifundo chako. Mkono mzima ukishuka pamoja na kidole gumba, umbali kati ya gumba na vidole vya kupigia unabaki karibu ule ule kwenye kila uzi, na kifundo hakina sababu ya kupinda. Kwako wewe gumba limebaki juu na vidole vimeshuka, kwa hiyo kinachopinda ni kifundo.

Sitakuficha kwamba wiki mbili za mwanzo zilinivunja moyo. Mapigo yangu yalikuwa hayana uzito, na nilikuwa naukosa uzi wa A kila mara ninaporudi kutoka G. Nilichofanya ni kuweka metronomu (chombo cha kuhesabia mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika na kupanda na kushuka nyuzi zote tano, noti moja kwa kila pigo, huku mkono wa kushoto haufanyi lolote. Hilo lilikuwa zoezi la robo saa kila jioni kabla ya kupiga wimbo wowote.

#5 KaskaziBesi

Ahsante, dada. Na kwa sisi wa nyuzi nne, kuna haja ya kuhangaika hivyo?

#6 MzeeWaSebene

Wanangu, nimewasoma. Nimepiga rumba na sebene katika kumbi za pwani hii tangu nikiwa kijana, na kwa maoni yangu mnatafuta kosa kwenye kidole gumba ilhali liko kwenye nguvu. Uzi unaopigwa kwa hasira huzitetemesha nyingine zote. Upigeni kwa upole, ongezeni sauti kwenye amplifaya, na ngurumo itapungua yenyewe.

Mfano wangu ni James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani. Mtu yule alitoka kwenye besi kubwa ya kusimama, akaingia kwenye Precision, na nyimbo zile zote alizipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Vidole vyake vingine alivipumzisha juu ya kifuniko cha chuma kilichokuwa juu ya pikapu. Mkono wake ulikuwa na nanga, ndiyo, lakini nanga yenyewe haikuwa gumba. Na nyuzi zake hazikunguruma.

#7 FundiPwani

Shikamoo, mzee wangu. Uliyosema juu ya kidole kimoja ni sawa, ila mfano huo una jambo lililofichika. Chini ya kifuniko cha pili cha gitaa lile, kile cha kwenye daraja, kulikuwa na kipande cha sponji kilichozigusa nyuzi zote na kuzifupishia mlio, na nyuzi zenyewe zilikuwa za kuviringwa bapa (zilizozungushiwa utepe laini wa chuma), ambazo hazina mlio mrefu. Sponji ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ambayo Dada BintiTudor anaifanya kwa kidole gumba. Mtu mwenye nyuzi mpya za mviringo (zilizozungushiwa waya wa mviringo) na daraja lisilo na kifuniko hawezi kumwiga Jamerson mkono peke yake akapata ukimya ule.

#8 MzeeWaSebene

Marahaba. Hapo umenishinda, fundi, nakubali. Lakini juu ya upole sirudi nyuma.

#9 NyuziTano

Nashukuru kwa majibu. Fundi, naegemea pikapu ya shingo. Dada BintiTudor, nimejaribu leo alasiri, na ni kweli uzi wa B umenyamaza nilipolaza kidole, lakini gumba langu linanata. Nyuzi zina unyevu, mkono una jasho, na badala ya kuteleza kutoka uzi mmoja hadi mwingine gumba linakwama kisha linaruka, na katika kuruka huko linaupiga uzi wa E pasipo kukusudia. Je, hili ni la mazoezi au ni la hali ya hewa yetu?

#10 KwayaMagongo

Ndiyo maana nikasema kiache kwenye pikapu! Wanaofundisha kidole kielee wanapiga katika vyumba vyenye hewa ya baridi. Njoo upige hapa Machi, saa nane mchana, ndani ya ukumbi wa mabati ambao feni yake moja imekufa, halafu uniambie kidole kitateleza vipi.

#11 BintiTudor

Kaka KwayaMagongo, mimi napiga hapa hapa Mombasa, na feni yetu pia haifanyi kazi. Gumba likikwama ni dalili kwamba limekandamizwa. Uzito wake uwe ule wa kidole kilicholala mezani. Ukilifanyia nguvu, lazima linate. Kisha linyanyuliwe kidogo linapohama, wala lisiburuzwe. Nyuzi za mviringo zikiburuzwa hutoa mkwaruzo unaosikika kwenye spika hata pasipo jasho.

Na kumjibu KaskaziBesi wa namba 5: kwa nyuzi nne faida ni ile ile, ila hasara ya kutofanya ni ndogo, kwa sababu uzi wako mnene kabisa ni E, ambao hauyumbi kwa upana kama B.

#12 FundiPwani

Niongeze la hali ya hewa, kwa kuwa ndilo linaloniletea wateja. Chumvi ya bahari na jasho vikikutana juu ya uzi wa nikeli au wa chuma, uzi huparuza baada ya wiki chache, na kutu huanzia pale pale vidole na gumba vinapogusa. Kwa hiyo gumba la NyuziTano linaweza kuwa halina kosa lolote; huenda linapita juu ya msasa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, juu na chini yake, wala usiliache gitaa nje ya begi usiku dirisha likiwa wazi. Ukiweza kugharamia, funga nyuzi za kuviringwa bapa, gumba litapita kama juu ya kioo, ila utapoteza ule ukali wa juu ambao nyimbo nyingine zinauhitaji.

#13 KivukoLikoni

Habari za leo. Nimesoma kuanzia mwanzo, na naona hakuna aliyeuliza ni noti zipi hasa zinazouamsha uzi wa B. Uzi haulii wenyewe ovyo ovyo. Hulia pale noti unayoipiga inapokuwa na mtetemo ulio sawa na mojawapo ya sauti zilizomo ndani ya uzi huo. B ya chini hutetemeka takriban mara 31 kwa sekunde. Ukipiga B ya freti ya 2 (freti ni vile vijichuma vya shingoni) kwenye uzi wa A, unapiga kama mara 62, yaani maradufu kamili. Ukipiga F shapu ya freti ya 4 kwenye uzi wa D, unapiga kama mara 93, yaani mara tatu yake. Noti hizo mbili zitauamsha uzi wa B hata ukipiga kwa upole kiasi gani, na hapo naomba radhi kwa Mzee MzeeWaSebene. Noti kama F au G zitauacha umelala.

NyuziTano, fanya jaribio hili: piga F shapu hiyo, izime kwa mkono wa kushoto, kisha usikilize kilichobaki. Halafu piga G ya freti ya 5 kwenye uzi huo huo, uizime vivyo hivyo. Ikiwa tofauti ni kubwa, basi dawa si lazima iwe gumba, kwa sababu hata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaweza kulazwa juu ya nyuzi nene wakati vingine vinakandamiza noti. Mimi napiga chakacha kwa namna hiyo, gumba langu liko kwenye pikapu, na kwa mwendo ule wa sita kwa nane usiotoa nafasi ya kupumua sidhani ningeweza kulihamisha gumba huku na kule bila kuchelewa.

#14 BintiTudor

Jaribio hilo ni zuri sana, na kila mwenye nyuzi tano alifanye. Lakini nina pingamizi juu ya chakacha. Gumba linalolala halifanyi safari ya ziada, kwa kuwa mkono tayari unahama kutoka uzi hadi uzi na gumba linafuatana nao. Aliyeegemea pikapu ndiye anayenyoosha na kukunja vidole kila mara.

#15 KivukoLikoni

Huenda. Nitakapokuja Tudor tukae tupige pamoja, dada, kwa maana jambo hili halisomeki, linasikika.

#16 TibaYaViungo

Samahani kwa kuingilia; mimi si mpigaji. Nafanya kazi ya tiba ya viungo, na mume wangu ndiye mpiga besi aliyenionyesha mjadala huu. Nimeshtuka kidogo kwamba mmezungumza sana juu ya ngurumo na kidogo tu juu ya maumivu.

Ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba ambamo hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kifundo kikipinda sana, njia hiyo hubanwa. Vidole vikifanya kazi ya haraka huku kimepinda, kano zinasuguana ndani yake. Mojawapo ya kano hizo tisa ni ya kidole gumba, kwa hiyo anayekandamiza pikapu kwa nguvu ameongeza mzigo mahali pale pale, hata kama gumba lenyewe halisogei. Ndugu NyuziTano, je, unapata ganzi au mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku? Ukipata, pumzisha mkono na umwone daktari kabla ya kubadilisha namna yoyote ya kupiga.

Vilevile nawaomba mtazame mkanda. Mume wangu alikuwa akilining'iniza gitaa hadi kwenye paja, kwa kuwa alipenda linavyoonekana. Tulipoupandisha mkanda hadi gitaa likakaa usawa wa tumbo, kifundo chake kilinyooka siku ile ile, na gumba lake hatukuligusa.

#17 KaskaziBesi

Mkanda! Nimesimama mbele ya kioo sasa hivi, na ni kweli kabisa.

#18 RishaNaUdi

Salaam. Mimi ni wa taarabu, na najua KwayaMagongo atasema kila swali nalijibu kwa udi, ala yetu ya nyuzi. Na alivumilie hili pia.

Sisi mkono wa risha hauna nanga ya kidole hata kimoja. Mwanafunzi akianza, hutamani kukigandisha kidole cha mwisho kwenye ubao wa udi, na mwalimu humkanya, kwa sababu mkono uliogandishwa hupiga nyuzi za karibu vizuri na za mbali vibaya. Kinachoushikilia mkono ni sehemu ya mbele ya mkono wenyewe, inayolala juu ya ukingo wa udi. Nilipoanza kupiga besi katika kundi letu, sikuwahi kutafuta mahali pa gumba. Lilikwenda lilikotaka, wakati mwingine juu ya pikapu na wakati mwingine juu ya uzi, na sikuwahi kuumwa. Kwa hiyo naona ninyi nyote, wa nanga na wa kuelea, mnatazama mwisho wa mkono.

#19 KwayaMagongo

Mzee, nilijua udi utafika tu, na karibu sana. Lakini udi hauna amplifaya ya kuikuza kila nyuzi inayotetemeka pasipo ruhusa.

#20 FundiPwani

Kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa, nayo ni ya seremala. Gary Willis, mpiga besi wa Marekani, anajulikana kwa kibao anachokifunga chini ya nyuzi, usawa wa pikapu, kiasi kwamba vidole haviwezi kuzama. Kibao hicho humlazimisha mtu apige kwa upole, na hapo Mzee MzeeWaSebene atafurahi, na pia humpa gumba mahali pa kupumzika popote kati ya shingo na daraja, badala ya kufungwa na pikapu moja. Nimewahi kumtengenezea mteja kimoja kwa kipande cha mvule, nikakipinda kwa msasa kifuate mviringo wa nyuzi, nikakibandika kwa gundi ya karatasi inayotoka bila kuharibu rangi. Alikipenda kwa mwezi mmoja kisha akaja nikakitoa, kwa sababu alipotaka kuchapa nyuzi kwa gumba na kuzivuta kwa chini, vidole havikuwa na nafasi ya kuingia.

#21 NyuziTano

Wanajukwaa, ni wiki ya tatu tangu nifungue mjadala huu, na nina deni la kuwaeleza.

Jaribio la KivukoLikoni nililifanya usiku ule ule. F shapu iliacha mngurumo mrefu, wa sekunde kadhaa, na G haikuacha kitu. Nimekuwa nikilaza gumba kama alivyoelekeza Dada BintiTudor, kwa mapigo 60, na sasa nimefika 80. Jumamosi tulipiga harusi Kisauni, na fundi wa mitambo hakulalamika. Nyuzi nimezibadilisha, na gumba halinati tena isipokuwa saa ya mwisho. Mkanda nimeupandisha matundu mawili. Ganzi sina, dada TibaYaViungo, nashukuru kwa kuuliza.

Lakini maumivu hayajaisha. Yamepungua na yamehama. Sasa yanaanza karibu na wimbo wa kumi, na hayako tena ndani ya kifundo, yako juu zaidi, kwenye msuli wa mkono, nusu ya njia kuelekea kwenye kiwiko. Kwa kuwa nimebadilisha mambo matatu kwa pamoja, siwezi kusema ni lipi lililosaidia na ni lipi lililoleta hili jipya.

#22 MzeeWaSebene

Bado unapiga kwa nguvu, mwanangu.

#23 BintiTudor

Au gumba bado linakandamiza pasipo wewe kujua. Piga wimbo mzima ukiwa umelinyanyua kabisa, lisiguse popote, kisha utueleze kama msuli huo unauma.

#24 RishaNaUdi

Kabla hajafanya hilo, naomba anijibu swali moja. Ulipoupandisha mkanda, gitaa lilipanda, na mkono wako nao ukapanda juu yake. Ule ukingo wa juu wa mwili wa gitaa sasa unakugusa wapi, na unapomaliza kupiga, je, unaacha alama nyekundu kwenye ngozi mahali hapo panapouma?